Kufundisha udaktari na uuguzi kwa mfumo wa mtandaoni: mwongozo wa mkufunzi, hatua kwa hatua

Vyuo vingi vya tiba vina mfumo wa kujifunzia mtandaoni, uwe Moodle, Canvas, Open edX au mwingine wa aina hiyo. Ukiingia ndani, mara nyingi unakuta slaidi za mihadhara zimerundikwa, PDF zisizo na mpangilio, na tangazo la mtihani wa mwaka juzi. Hiyo ni stoo. Mwanafunzi anapakua, anahifadhi, hasomi. Mwongozo huu ni wa mkufunzi anayetaka mfumo umlazimishe mwanafunzi kufikiri kabla hajasimama mbele ya mgonjwa. Sehemu kubwa unafuata mada moja tu, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa, kwa sababu mada hiyo ina mambo ya kukariri, ya kuamua na ya kufanya kwa mikono, na kila moja linahitaji kufundishwa kivyake.

Hatua ya 1: Amua nini kiende mtandaoni na nini kibaki wodini

Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba, aliugawa umahiri wa tabibu katika ngazi 4: anajua, anajua namna, anaonyesha, anafanya. Mfumo wa mtandaoni una nguvu katika ngazi mbili za kwanza. Ya tatu unaweza kuisaidia kwa kumwandaa mwanafunzi kabla ya zoezi la manikini (sanamu ya kujifunzia). Ya nne hauiwezi kabisa, na chuo kinachomthibitisha mtu kuwa anajua kumpa mtoto pumzi kwa sababu amepata alama 100 kwenye kwizi kinahatarisha watoto.

Chukua karatasi, igawe safu mbili. Upande wa kushoto andika yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyamudu kwa kusoma, kusikiliza, kutazama na kujibu: mpangilio wa hatua tangu mtoto anatoka, dalili za kuamua kwamba hapumui, muda wa kuanza kumpa pumzi (ndani ya dakika 1 tangu kuzaliwa, ile iitwayo Dakika ya Dhahabu), mwendo wa pumzi, na nini cha kukagua kifua kisipoinuka. Upande wa kulia andika yale yanayohitaji mkono: kushika barakoa isivujishe hewa, kuweka kichwa mahali pake, kubana mfuko wa ambu (wa kusukumia hewa) kwa nguvu inayotosha. Safu ya kushoto ndiyo moduli yako ya mtandaoni. Safu ya kulia ni ratiba ya maabara ya stadi, na isihamishiwe kwenye video hata ratiba ikibana vipi.

Kisha andika malengo kwa vitenzi vinavyopimika. "Aelewe namna ya kumhuisha mtoto mchanga" halipimiki. "Ataje hatua 5 za kukagua kifua kisipoinuka, kwa mpangilio" linapimika, na tayari limekupa swali la kwizi. Malengo 3 hadi 5 yanatosha kwa moduli moja. Yakifika 12, hizo ni moduli tatu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mtandao kabla ya kurekodi chochote

Hapa ndipo moduli nyingi nzuri zinapokufa. Mkufunzi anarekodi kwa ubora wa juu kabisa, anapakia faili la GB 1, halafu anashangaa wanafunzi hawajaitazama. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Video ya 480p iliyobanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde, ikidumu dakika 6 (sekunde 360), ina kilobiti 180,000. Gawa kwa 8 upate kilobaiti 22,500, yaani MB 22.5. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 3 kwa muda huohuo. Wanafunzi 100 wakiifungua video hiyo kwa wakati mmoja katika ukumbi wa chuo, laini inatakiwa ibebe megabiti 50 kwa sekunde bila kuyumba. Kama laini ni ya megabiti 20, sehemu kubwa ya darasa itaangalia duara likizunguka.

Kwa hiyo kila somo liwe na matoleo matatu: video ndogo, sauti peke yake, na maandishi yenye picha. Tumia video kwa kinachosogea tu, kama mwendo wa kifua au mkono unavyoshika barakoa. Orodha ya dalili haihitaji video.

Kama chuo kinatumia Moodle, waelekeze wanafunzi kwenye programu yake ya simu, maana inaruhusu kupakua somo zima wakiwa kwenye mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao. Kwizi nayo inaweza kufanywa hivyo, ila mpaka uwashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kwizi husika, na haikubali ukiweka kikomo cha muda. Ruhusa hiyo ni ya mazoezi, si ya mtihani wa alama.

Jaribu kila kitu kwenye simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata, ukitumia data ya simu badala ya waya wa ofisini. Jedwali la safu 7 linalopendeza kwenye kompyuta halisomeki kwenye simu. Livunje.

Hatua ya 3: Ingiza wanafunzi na upange ukurasa

Wanafunzi wengi huingizwa kwa faili la CSV, yaani orodha ya maandishi yenye safu zilizotenganishwa kwa mkato. Kosa linalojirudia kila mwaka ni namba za usajili zinazoanza na sifuri: ukifungua faili kwa programu ya majedwali, 004512 inageuka 4512, unahifadhi bila kuona, na nusu ya darasa inashindwa kuingia. Kabla ya kubandika namba, ifanye safu hiyo iwe ya maandishi, si ya tarakimu. Hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, la sivyo majina yenye herufi za ziada yanatoka na alama za ajabu. Ingiza kwanza wanafunzi 5, jaribu kuingia kwa akaunti ya mmoja wao, ndipo uingize waliobaki.

Ukurasa wa moduli uwe na mpangilio uleule kila wiki, ili mwanafunzi asitumie akili yake kutafuta kitu kilipo. Mpangilio unaofaa kwa mada za kitabibu ni huu: maswali 3 ya kuamsha yasiyo na alama kabla ya somo, kisha maelezo au video, kisa cha mgonjwa, kwizi, halafu jukwaa la maswali kwa mkufunzi. Yale maswali 3 ya mwanzo yanaonekana madogo, lakini yanamwonyesha mwanafunzi asichokijua, naye anasoma akikitafuta.

Mifumo mingi inakuwezesha kufunga hatua moja hadi nyingine ikamilike. Tumia kwa kiasi. Ukimfungia mwanafunzi kisa hadi mfumo uthibitishe kwamba ametazama video mpaka sekunde ya mwisho, yule ambaye mtandao ulikatika kwenye dakika ya 5 amekwama, naye atakuandikia usiku wa manane. Kufuli inafaa sehemu moja tu: asipangiwe siku ya manikini hadi afaulu kwizi ya mpangilio wa hatua. Muda wa manikini ni mchache, usitumike kueleza kilichoandikwa.

Hatua ya 4: Tengeneza video, sauti na picha zinazomfaa tabibu

Uchambuzi wa video za kozi za mtandaoni za edX uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya dakika 6 watazamaji huanza kuachia. Weka dakika 6 kuwa ukomo wako. Kwa mwendo wa kawaida wa kufundisha, maneno 600 hadi 700 ya Kiswahili yanajaza muda huo, kwa hiyo andika maandishi kwanza na uyahesabu. Kinasa sauti kiwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Sauti mbaya huwafukuza watazamaji kuliko picha mbaya. Usisome slaidi neno kwa neno: akisikia maneno yaleyale anayoyasoma, masikio na macho yanagombania kazi moja.

Sasa kuna mambo ya tiba ambayo mafundi wa mifumo hawatakuambia.

Sauti za moyo ziko chini sana kwenye mizani ya sauti, nyingi chini ya hezi 150, na sauti ya tatu na ya nne ziko chini zaidi ya hapo. Spika ya simu ni dhaifu chini ya hezi 300 hivi. Maana yake mwanafunzi anayesikiliza kwa spika ya simu hasikii unachomfundisha, naye atadhani masikio yake ndiyo mabovu. Andika juu ya kila faili la sauti ya moyo: vaa visikilizi vya masikioni. Weka faili la kupakua badala ya kuicheza sauti katikati ya darasa mubashara, kwa sababu programu za mikutano ya video zina kichujio cha kelele kinachoitafuta sauti isiyo ya mazungumzo na kuifuta. Sauti za mapafu, kukoroma na mikwaruzo, zinapotea zote. Faili la WAV la chaneli moja la sekunde 20 halifiki MB 2, kwa hiyo huna sababu ya kulibana.

Picha za ECG (mchoro wa umeme wa moyo) zinahitaji viboksi vidogo vionekane. Kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni sekunde 0.2. Picha ikibanwa mno viboksi vinayeyuka na mwanafunzi hana cha kuhesabu. Pakia picha yenye upana wa pikseli 2,000 au zaidi, nje ya video, na kwa wenye simu kata mkanda vipande vipande. Eksirei vivyo hivyo: ibaki picha inayojitegemea, ambayo mwanafunzi anaweza kuikuza kwa vidole.

Rangi inadanganya. Simu nyingi huwa na hali ya usiku inayoifanya skrini iwe ya manjano. Ukitaka kufundisha umanjano wa macho au weupe wa viganja, mwambie mwanafunzi aizime kwanza. Na chagua picha za ngozi za rangi mbalimbali. Wekundu unaoonekana wazi kwenye ngozi nyeupe unaweza usionekane kabisa kwenye ngozi nyeusi, na ubluu wa kukosa oksijeni hutafutwa kwenye ulimi na ndani ya midomo. Mwanafunzi aliyeona picha za rangi moja tu atamkosa mgonjwa wa rangi nyingine.

Hatua ya 5: Linda faragha ya mgonjwa kabla picha haijapanda

Usivuke hatua hii hata kwa picha moja. Kinachopakiwa kinanakiliwa, kinapigwa picha ya skrini, kinatumwa kwenye makundi ya simu, na hakirudi.

Anza na ridhaa ya maandishi ya kutumia picha kufundishia, ikiwa tofauti na ridhaa ya matibabu. Ieleze wazi kwamba picha itakuwa mtandaoni, nani ataiona, na kwamba akikataa matibabu yake hayabadiliki. Kwa mtoto anasaini mzazi au mlezi. Mgonjwa anaweza kubadili nia, hivyo weka daftari linaloonyesha picha ipi iko moduli ipi, ili siku hiyo uweze kuitoa kila ilipo.

Halafu safisha faili lenyewe. Picha ya CT au eksirei ya kidijitali iliyo kwenye mfumo wa DICOM (muundo wa mafaili ya picha za tiba) hubeba ndani yake jina la mgonjwa, namba yake na tarehe ya kuzaliwa, hata kama huvioni kwenye skrini. Taarifa hizo ziko kwenye sehemu zinazoanza na 0010. Altrasaundi mara nyingi huwa na jina lililochapwa juu ya picha yenyewe, kwa hiyo kufuta taarifa za ndani hakutoshi. Picha ya simu hubeba mahali ilipopigwa na saa. Njia salama ni kukata picha, kufunika maandishi, kisha kuihifadhi upya kama PNG bapa na kuifungua kwenye kompyuta nyingine kuikagua.

Makosa mawili yanawaponza hata waangalifu. La kwanza, kuweka kiboksi cheusi juu ya jina ndani ya slaidi: mwanafunzi anapakua slaidi, anakisogeza kiboksi, jina hili hapa. La pili, kukata picha ndani ya programu ya slaidi, ambayo kwa kawaida huhifadhi sehemu iliyokatwa na kuirudisha kwa mbofyo mmoja. Mstari mweusi machoni nao haumfichi mtu. Chale, mkufu, kovu, au ugonjwa adimu uliotajwa pamoja na tarehe na kituo, vyote vinamtambulisha.

Hatua ya 6: Andika kisa kinachofunguka kidogo kidogo

Hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kisa kizuri hakimpi mwanafunzi habari yote kwa mpigo. Kinampa kidogo, kinamdai uamuzi, kisha kinamwonyesha matokeo ya uamuzi wake. Zana ya visa vyenye matawi iliyomo kwenye H5P (programu ya kutengeneza mazoezi ya mtandaoni) inafanya kazi hii, na aina ya somo la matawi kwenye Moodle vilevile.

Kisa cha mtoto mchanga kiende hivi. Skrini ya kwanza: mtoto ametoka sasa hivi, wiki 39, maji safi, halii. Utafanya nini? Machaguo: kumkausha na kumsugua mgongo, kukata kitovu upesi na kumpeleka chumba kingine, kumpa oksijeni puani. Akichagua la pili, usimwandikie "umekosea". Mwandikie: "Sekunde 50 zimepita. Mtoto yuko mezani, amelegea, bado hajakaushwa. Mwili umeanza kupoa." Kisha mrudishe kwenye njia, ila saa imesogea. Skrini ya pili, kwa aliyechagua la kwanza: amekaushwa, hapumui, sekunde 40. Skrini ya tatu: unampa pumzi, kifua hakiinuki. Hapa mwachie atafute mwenyewe. Barakoa imekaa sawa? Kichwa kimenyooka bila kupinda nyuma kupita kiasi? Kuna kamasi mdomoni? Mdomo umefunguka kidogo? Au mfuko haubanwi vya kutosha?

Dhibiti matawi. Maamuzi 3 yenye machaguo 3 kila moja, yasipounganishwa tena, yanakupa miisho 27 ya kuandika na kukagua. Rudisha kila tawi kwenye shina baada ya skrini moja au mbili, na ubaki na miisho 2 au 3.

Andika kisa pamoja na muuguzi au mkunga anayefanya kazi hiyo kila siku. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba katika hali halisi barakoa ya saizi sahihi haiko mezani, na jambo hilo linastahili skrini yake.

Hatua ya 7: Tunga kwizi inayofundisha

Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha jambo ambalo kila mkufunzi anapaswa kulijengea: waliosoma kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena, ingawa dakika 5 baada ya kusoma waliorudia walionekana mbele. Kwizi basi ni njia ya kujifunza yenyewe. Iruhusu irudiwe, na maswali yachotwe kwa nasibu kutoka benki yenye angalau mara 3 ya idadi unayoonyesha.

Tunga swali la jibu moja bora. Kipimo chake ni hiki: funika machaguo kwa mkono, je, mjuzi anaweza kujibu kwa kusoma shina (maelezo ya swali yaliyo juu ya machaguo) peke yake? Kama hawezi, shina ni bovu. Acha "yote hapo juu" na "hakuna sahihi". Kagua urefu, maana jibu sahihi huwa refu kuliko mengine kwa sababu mtunzi analiwekea masharti, na wanafunzi wanalijua hilo.

Ukitunga maswali mengi, yaandike kwenye faili la maandishi matupu kwa muundo wa Aiken, ambao Moodle inausoma, na uyaingize kwa pamoja:

Mtoto wa wiki 39 amekaushwa na kusuguliwa mgongo. Mdomo ni safi. Hapumui. Sekunde 40 zimepita tangu azaliwe. Utafanya nini sasa?
A. Kuendelea kumsugua mgongo
B. Kumpa pumzi kwa ambu na barakoa
C. Kumfyonza tena puani na mdomoni
D. Kuanza kukandamiza kifua
ANSWER: B

Shina lazima likae mstari mmoja, hata likiwa refu. Herufi za machaguo na neno la jibu ziwe kubwa. Ukibonyeza kitufe cha mstari mpya katikati ya shina, faili zima linaweza kukataliwa. Aiken haibebi maelezo ya kila jibu, kwa hiyo baada ya kuingiza, rudi uandike mrejesho. Na mrejesho uwe juu ya jibu alilochagua: aliyechagua A aambiwe kwamba kusugua kunasaidia sekunde za mwanzo tu, na kila sekunde anayoongeza ni sekunde ambayo mapafu hayana hewa. Aliyechagua D aambiwe kwamba moyo wa mtoto mchanga mara nyingi unazorota kwa kukosa hewa, hivyo hewa hutangulia.

Kuna aina moja ya upimaji inayoifaa tiba kuliko fani nyingine, nayo haitumiki inavyostahili: kumtaka mwanafunzi aseme ana hakika kiasi gani. Ilikuzwa kwa wanafunzi wa tiba wa University College London na iko ndani ya Moodle. Kila swali ana ngazi 3 za hakika. Akisema 1, akipata anapewa alama 1, akikosa 0. Akisema 2, anapata 2 au anapoteza 2. Akisema 3, anapata 3 au anapoteza 6. Kwa hesabu hiyo, inamlipa kuchagua 3 endapo tu hakika yake inazidi asilimia 80, na kuchagua 1 endapo iko chini ya asilimia 67. Tabibu anayekosea huku akijua hana hakika ataomba msaada; anayekosea akiwa na hakika ataendelea na dawa. Orodha ya waliokosa kwa ngazi ya 3 ndiyo ya kuanza nayo kikao kinachofuata.

Baada ya darasa kufanya, fungua takwimu za maswali. Angalia mambo mawili: asilimia ya waliopata, na kama waliopata ndio wenye alama za juu kwa jumla. Swali ambalo wenye alama za juu wanalikosa na wa chini wanalipata lina namba hasi kwenye safu ya utofautishaji, na sababu ya kwanza ya kuangalia ni kwamba umeweka jibu lisilo sahihi kuwa sahihi. Rekebisha, amuru mfumo usahihishe upya, uwatangazie.

Kusahau kunaanza siku ileile. Mwanasaikolojia Ebbinghaus alilionyesha hilo mwaka 1885. Panga maswali 5 ya mada hii yarudi baada ya wiki 1, mengine 5 baada ya mwezi, yakichanganywa na mada nyingine.

Hatua ya 8: Mtihani wenye alama

Mtihani wa alama uendeshwe chuoni kwenye kompyuta zilizokaguliwa, inapowezekana. Inaposhindikana, tunga maswali ya kisa ambayo kitabu kilichofunguliwa hakiyajibu moja kwa moja.

Mipangilio ya kukagua siku moja kabla ni michache. Saa za eneo: seva ikiwa kwenye saa za kanda nyingine, mtihani wa saa 3 asubuhi unaweza kufunguka saa 6 mchana, kwa hiyo kagua kwa akaunti ya mwanafunzi. Muda ukiisha: chagua majibu yatumwe yenyewe. Ukiacha chaguo linalomtaka mwanafunzi abonyeze kutuma kabla ya muda, aliyekatikiwa na umeme anapoteza yote. Moodle huhifadhi majibu yenyewe, kwa kawaida kila dakika 1, hivyo anayerudi anaendelea alipoishia, nawe unaweza kumwongezea dakika mtu mmoja bila kuwagusa wengine. Waambie hivyo kabla, kwa maandishi, pamoja na namba ya kupiga. Hofu ya kupoteza majibu huharibu mtihani kuliko kukatika kwenyewe.

Hatua ya 9: Rudisha somo kwenye mkono

Siku ya manikini, usianze na slaidi. Chapisha kutoka mfumoni swali lililokosewa zaidi, litatueni kwa dakika 5, halafu mikono ianze kazi. Weka karatasi ya kukagua yenye vipengele vichache vinavyoonekana kwa macho: barakoa imefunika mdomo na pua bila kugusa macho, kifua kinainuka kwa kila pumzi, pumzi ziko karibu 40 kwa dakika, ameanza kabla ya dakika 1 kuisha. Mkufunzi aweke alama kwenye simu yake papo hapo, kwa fomu ndani ya mfumo uleule, ili maendeleo ya mwanafunzi yaonekane sehemu moja: alichojibu, alichofanya, nani alimshuhudia na tarehe. Asiyeinua kifua cha manikini arudie siku nyingine, hata kama kwizi zake zote ni kamili.

Hatua ya 10: Fuatilia, hifadhi, sasisha

Wiki ya kwanza na ya pili, toa orodha ya wasioingia kabisa na uwapigie simu. Mara nyingi tatizo ni nenosiri au simu iliyoharibika, si uvivu, na baada ya wiki ya nne hawaokoleki kirahisi. Usihesabu waliofungua ukurasa ukadhani wamejifunza. Tazama majibu yao.

Nakala rudufu ya kozi ichukuliwe kila wiki na ihifadhiwe nje ya seva. Mara moja kwa muhula irejeshe kwenye kozi tupu ya majaribio uone kama video na maswali yamerudi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiitegemee.

Kila ukurasa wa matibabu uwe na tarehe ya kupitiwa na jina la mwongozo uliofuatwa. Miongozo ya kuhuisha moyo hupitiwa upya takriban kila miaka 5, na mabadiliko yake si madogo: mwaka 2005 uwiano wa kukandamiza kifua cha mtu mzima na pumzi ulihama kutoka 15 kwa 2 hadi 30 kwa 2, na mwaka 2010 mpangilio wa mtu mzima ukabadilika, kukandamiza kukatangulia pumzi. Video iliyorekodiwa kabla ya hapo inafundisha kosa kwa sauti nzuri kabisa. Mwongozo mpya ukitoka, tafuta kwenye kozi yote kila mahali namba ya zamani inapotajwa: video, maandishi, kisa, benki ya maswali na mrejesho wake, karatasi ya kukagua. Toleo la zamani lifute kabisa. Ukiliacha limefichwa, kozi ikinakiliwa kwa mwaka unaofuata nalo linakwenda, na mkufunzi mgeni atalifunua akidhani lilisahaulika.